Maswali ya fizikia: Liemba, ndoo ya maji na breki za bodaboda

Nikiruka juu ndani ya treni ya Kigoma–Tabora, mbona natua palepale? Sakafu si imeshasogea? (Kidato cha kwanza, Tabora)

Na wewe umesogea. Ulipoacha sakafu ulikuwa tayari unakwenda kwa kasi ya treni, na hakuna kani, yaani msukumo au mvuto, iliyokurudisha nyuma. Hata hewa ya behewani inasafiri nawe. Kani haihitajiki ili mwendo uendelee, inahitajika ili ubadilike. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya Newton. Ukiruka treni inapofunga breki, utatua mbele kidogo.

Msumari unazama, meli ya Liemba inaelea. Vyote si chuma? (Kidato cha pili, Ujiji)

Liemba imewahi kufanya yote mawili. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma kuunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiitumie. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Chuma ni kilekile muda wote huo.

Kilichobadilika ni kilichomo ndani yake. Kitu kikiingia majini kinayasogeza maji, nayo maji yanakisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Ni kanuni ya Archimedes. Tumbo la meli limejaa hewa, kwa hiyo meli inachukua nafasi kubwa mno kuliko chuma chake peke yake. Inadidimia mpaka maji iliyoyasogeza yalingane na uzito wake, mizigo na abiria wakiwemo, kisha inatulia. Msumari hauna tumbo. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ni karibu gramu 8, ya maji ni gramu 1. Hata ukizama wote, maji unayoyasogeza yana kama sehemu moja ya nane tu ya uzito wake. Mitumba, mawese, magunia ya dagaa: kila kinachopakiwa Liemba kinaishusha kidogo, na ndiyo sababu manahodha huangalia maji yamefika wapi ubavuni.

Nyundo na unyoya vikiachiwa pamoja, kipi kinatangulia? (Darasa la saba, Kigoma)

Hapa kwetu nyundo, kwa kuwa hewa inauzuia unyoya. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliviachia Mwezini, kusiko na hewa. Vilitua pamoja.

Mwalimu anasema nikibeba ndoo kichwani kwenye njia tambarare, kazi niliyoifanyia ndoo ni sifuri. Mbona shingo inauma? (Kidato cha pili, Urambo)

Mwalimu yuko sahihi, na shingo nayo haidanganyi. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa niutoni 200 hivi. Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Ukiinyanyua mita 1.5 kutoka chini hadi kichwani, umeipa nishati ya jouli 300. Baada ya hapo kani yako inaelekea juu huku ndoo ikienda mbele. Haipandi wala haishuki, hivyo nishati yake haiongezeki. Gogo lingeishikilia siku nzima bila kula chochote. Misuli haiwezi: nyuzi zake hujivuta na kuachia mfululizo hata ukisimama tuli, zikitumia nishati ya ugali uliokula, na nishati hiyo huishia kuwa joto. Kwa maoni yangu tunakosea tunapomwandikia mwanafunzi "sifuri" ubaoni na kuhamia mada nyingine bila kumweleza jasho limetoka wapi.

Bodaboda akiongeza kasi mara mbili, umbali wa kusimama nao unakuwa mara mbili? (Kidato cha tatu, Kigoma)

Mara nne. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena, na breki huiondoa kwa kiasi kilekile kila mita. Kama kwa kilomita 30 kwa saa breki zinamsimamisha ndani ya mita 6, kwa 60 atahitaji mita 24, na hapo ni barabara tambarare iliyo kavu. Ongeza mita 17 hivi anazokwenda katika sekunde moja ya kushtuka kabla hajagusa breki. Kwenye mteremko uvutano wa dunia unamsukuma zaidi. Akiwa amepakia mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi, breki zilezile zina nishati nyingi zaidi ya kugeuza joto, na ndizo zile unazozisikia zikinuka akifika chini.