Ijumaa ya Kula na Kunywa Barbados: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester na mwaka huu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tumelipia wiki moja Barbados, katika hoteli ambayo bei yake imejumuisha malazi, chakula na vinywaji. Nimekwisha kupanga siku zote saba: mapango, bustani, makumbusho, nyumba za kale. Mwenzangu, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku, anaomba siku moja tu isiyo na ratiba, ya kula, kunywa na kujinyoosha. Yeye hunywa bia na ramu; mimi sinywi pombe wala sili nguruwe. Ninachohofia ni kwamba tutashinda kando ya bwawa la hoteli tukila chipsi ambazo hata Leicester zipo. Je, siku ya namna hiyo ina maana yoyote, na tuiendeshe vipi? Na je, kula nje si israfu, ilhali chakula cha hoteli tumekilipia?
Mke wa Muuguzi, Leicester

JIBU: Dada, mumeo ana haki, ila ombi lake lina kasoro moja: ameomba siku isiyo na ratiba katika kisiwa ambacho chakula chake kina ratiba yake chenyewe. Jumamosi ni siku ya mlo unaoitwa pudding and souse, yaani nyama ya nguruwe iliyolowekwa katika maji ya ndimu, tango na pilipili, ikaliwa na viazi vitamu vilivyopondwa na kupikwa kwa mvuke, huo haukuhusu. Jumapili mchana watu hula majumbani mwao. Ijumaa usiku ni ya samaki, nao huchomwa hadharani katika mji wa wavuvi wa Oistins, pwani ya kusini. Kwa hiyo mpe mumeo siku yake, lakini siku hiyo iwe Ijumaa.

Kuhusu israfu, fedha mliyolipa hotelini haitarudi hata mkila sahani tano kila mmoja. Chukueni hapo kahawa na papai la asubuhi, kisha muage. Na asubuhi yenu itaanza mapema, mpende msipende, kwa sababu Barbados iko nyuma ya Uingereza kwa saa nne majira ya baridi na kwa saa tano majira ya joto, hivyo katika siku za mwanzo miili yenu itaamka alfajiri ikidai chakula. Huo ndio wakati mzuri wa kutembea ufukweni. Upande wa magharibi bahari hutulia kama maji ya bakuli. Upande wa mashariki, kule Bathsheba, mawimbi ya Atlantiki ni ya kutazamwa, si ya kuogelea. Tangu mwaka 2011 kuna misimu ambapo mwani mwingi wa rangi ya kahawia husukumwa hadi fukwe za mashariki na kusini na kunuka unapooza, jambo lisilo kosa la hoteli yoyote. Jihadharini pia na mti wa manchineel unaoota karibu na mchanga na kuzaa tunda dogo la kijani lililo kama tufaha: tunda hilo ni sumu, na utomvu wake huunguza ngozi kiasi kwamba hata kujikinga mvua chini yake ni hatari. Mingi imepakwa alama nyekundu shinani.

Ikifika saa nne, nendeni Bridgetown, mji mkuu, mkiwa na njaa kiasi. Ulizeni mkate uitwao salt bread, ambao licha ya jina lake hauna chumvi nyingi, uliopasuliwa katikati na kutiwa kababu mbili za samaki zilizotoka kwenye mafuta wakati huohuo. Wenyeji huagiza mlo huo kwa maneno mawili, mkate na mbili, na muuzaji haulizi mbili nini. Kababu hizo hutengenezwa kwa ng'onda wa cod, ambaye wengine humwita chewa ingawa si chewa wa pwani yetu, samaki wa bahari za baridi ambaye haishi kabisa katika maji ya Karibi. Alifika huko kwa majahazi ya biashara kutoka Amerika ya Kaskazini, akiwa ameungwa chumvi ili asioze, na aliyepelekwa mashambani alikuwa mara nyingi wa daraja la chini, chakula cha watumwa waliolima miwa. Mchuzi wa pilipili unaoambatana nao ni wa manjano, kwa kuwa umechanganywa haradali na bizari ya manjano. Tia tone moja kwanza. Mimi nilitia kijiko kizima kwa majivuno ya mtu aliyelelewa Mombasa, nikanyamaza kwa robo saa.

Hapohapo mtawaona wauza madafu wenye panga mkononi, na hapo hamhitaji mwalimu. Kwa kuwa wewe hunywi pombe, jaribu pia mauby, kinywaji cha gome la mti lililochemshwa na mdalasini na sukari. Funda la kwanza ni tamu, na uchungu hufuata baadaye kama dawa ya bibi. Wengi hukikataa siku ya kwanza na kukitafuta siku ya tatu. Kuna maji ya ukwaju, kuna tangawizi iliyokolea, na wakati wa Krismasi kuna sorrel, ambayo ni choya yetu hiihii, ua jekundu lilelile. Hata hivyo, sorrel ya sikukuu mara nyingi hutiwa ramu, na keki nyeusi ya Krismasi huloweshwa ramu kwa makusudi, hivyo uliza kabla ya kuonja. Maji ya bomba hayana tatizo, kwani huchujwa na miamba ya matumbawe ambayo sehemu kubwa ya kisiwa imekalia.

Chakula cha mchana ndicho kiini cha siku yenu, nacho ni cou-cou kwa flying fish, mlo wa taifa. Ninaomba mlile taratibu, kwa sababu mtaona jambo ambalo mtalii wa kawaida hulipita bila kulitambua. Cou-cou ni sima. Bamia hukatwa vipande na kuchemshwa, maji yake yenye mlenda hutengwa, kisha unga wa mahindi wa manjano husongwa kwa maji hayo, ukiongezwa kidogo kidogo, kwa mwiko bapa wa mti ambao mpishi wa Tanga angeuchukua mkononi bila kuuliza ni wa kazi gani. Tofauti ni kwamba sima hii hulainishwa kwa siagi, hutiwa katika bakuli lililopakwa siagi, hupinduliwa juu ya sahani, na kubonyezwa shimo katikati ili mchuzi utulie humo. Samaki wake ni yule arukaye juu ya maji, ambaye baadhi ya wavuvi wa pwani yetu humwita panzi. Hutolewa miiba kwa ustadi, hupakwa ndimu, vitunguu, majani ya viungo na pilipili, hukunjwa kama mkeka, na kupikwa kwa mvuke ndani ya mchuzi wa nyanya. Hupatikana zaidi kati ya Desemba na Juni, na mkifika nje ya msimu huo mtapewa aliyegandishwa, ambaye si mbaya lakini si yule.

Bamia ni mmea wa Afrika, na ufundi wa kusonga ulivuka bahari pamoja na watu waliosafirishwa kwa nguvu. Katika kisiwa kingine cha Karibi, Antigua, chakula hichohicho huitwa fungi, jina lenye undugu na funji ya Angola, na wasomaji wetu wa Kongo wataelewa bila maelezo. Tunda la shelisheli mtakalolikuta sokoni lina safari ya namna nyingine. Lililetwa Karibi kutoka Tahiti mwaka 1793 na Kapteni William Bligh, yuleyule ambaye miaka michache kabla mabaharia wake walimwasi alipokuwa amebeba shehena ya kwanza ya miche hiyo, na nia ya waliomtuma ilikuwa kupata chakula rahisi cha watumwa. Inasimuliwa kwamba watumwa hao mwanzoni hawakulitaka. Leo huokwa mzima juu ya makaa na kupakwa siagi, na ningekushauri ulile siku yoyote utakayolikuta.

Baada ya hapo ni zamu ya mwenzako. Kila kijiji kina duka la ramu, kibanda kidogo kilichopakwa rangi kali, chenye benchi nje na wazee wanaogonga dhumna mezani kwa kishindo. Ukiingia, salimu kwanza. Mtu anayeingia na kuagiza bila salamu huhesabiwa kuwa hakulelewa, na katika hilo Barbados na Lamu ni kijiji kimoja. Wewe utapata soda au tangawizi, na hakuna atakayekushangaa. Mumeo akitaka kujua anachokinywa, aambiwe kwamba hati ya zamani zaidi inayotajwa kuhusu kiwanda cha Mount Gay ni ya mwaka 1703, na kwamba ramu hutokana na molasi, masazo ya kutengeneza sukari. Sukari ilikigeuza kisiwa hiki kuanzia miaka ya 1640, kwa kazi ya Waafrika waliofanywa watumwa hadi ukombozi wao kamili mwaka 1838. Sisemi asinywe. Ninasema glasi moja ya polepole hapo inatosha, kwa kuwa jua la saa tisa pamoja na ramu humlaza mtu mahali asipopachagua. Kisha rudini mkalale. Usingizi wa alasiri ni sehemu ya mpango huu, na kwa mtu wa zamu za usiku huenda ndiyo sehemu aliyoitamani zaidi.

Jua huzama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, kulingana na mwezi. Fikeni Oistins saa hiyo, kabla foleni hazijarefuka. Vibanda ni vingi na vyakula vinafanana: jodari, nduaro na samaki wengine wa kuchoma au kukaanga, pamoja na wali, ndizi mbivu za kukaanga, na makaroni yaliyookwa na jibini, ambayo wenyeji huyaheshimu kuliko ninavyoweza kuelewa. Chagueni kibanda ambacho wenyeji wamesimama, hata kama kingine kina viti vitupu. Uliza kama mafuta ya kukaangia yanatumika pia kwa nguruwe. Ukisitasita, agiza wa kuchoma. Ninyi wapenda historia mtapenda kujua kwamba mwezi Januari 1652 mkataba wa wakoloni wa kisiwa na jeshi la Bunge la Uingereza ulitiwa saini hapohapo Oistins, tena ndani ya baa, kwa hiyo hata makumbusho yako hayatakuwa yamekosekana kabisa siku hiyo. Usiku ukikolea, upande mmoja muziki wa vijana hupasua masikio, na upande mwingine wazee hucheza dansi za zamani wawili wawili, wakizunguka kwa adabu kana kwamba wako katika ukumbi wa harusi. Ndoa ya miaka kumi ikae upande huo.

Dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1975. Chukueni noti ndogondogo. Msivae nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata kofia, maana sheria inazikataza kwa raia, watoto wakiwemo. Mkirudi kwa daladala za huko, zile nyeupe ambazo namba zake huanza na herufi ZR, mtasikia muziki na mwendo mtakaovikumbuka kutoka Nairobi.

SWALI: Ndugu yangu aliyekuwa Barbados anasema aliona neno dolphin katika orodha ya vyakula vya mgahawa. Je, kweli huko wanamla pomboo?
Msomaji, Muscat

JIBU: Hapana. Katika Karibi jina hilo hutumiwa pia kwa samaki mwenye paji pana na rangi za kijani na dhahabu, ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita fulusi, na ambaye migahawa mingine humwandika mahi-mahi. Nyama yake ni nyeupe na imara, inafaa sana kuchomwa. Ndugu yako angemwagiza bila wasiwasi.

SWALI: Sisi hatuna nauli ya Karibi, lakini mke wangu anataka tufanye siku ya namna hiyo nyumbani. Tunaweza kunywa nini cha kule kisicho na pombe?
Baba wa Wanne, Tanga

JIBU: Tumieni kanuni yao ya kuchanganya ramu, ambayo watoto wa kule huijua kama wimbo: kipimo kimoja cha uchachu, viwili vya utamu, vitatu vya ukali, vinne vya upole. Uchachu ni maji ya ndimu, na utamu ni sukari iliyoyeyushwa katika maji kidogo ya moto. Mahali pa ukali, ambapo wao hutia ramu, ninyi tieni choya iliyochemshwa na tangawizi nyingi hadi ikawa nzito, na upole uwe maji baridi au maji ya nanasi. Barafu iwe nyingi. Kungumanga ikwaruzwe juu ya glasi mwisho kabisa, wakati wa kumkabidhi mama, kwa sababu ikitangulia harufu yake hupotea.