Utando usioonekana: maswali yenu kuhusu paneli, mabati, stenti na biti za dhahabu

Tangu nilipogusia hapa kwamba paneli ya sola hupakwa utando mwembamba kuliko ukungu wa pumzi kwenye kioo, mmeniandikia kwa wingi. Nimechagua maswali saba. Yanayogusa afya na pesa za watu nimeyapa nafasi zaidi.

Fundi, paneli zangu ni za buluu. Jirani kanunua nyeusi na anasema zangu zimepitwa na wakati. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Silikoni, malighafi ya seli za paneli, ikiwa tupu ni ya kijivu na inang'aa; zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoiangukia hurudi ulikotoka. Kwa hiyo kiwandani seli huingizwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa, hupitishiwa gesi za silani na amonia, na juu yake hutanda nitridi ya silikoni yenye unene wa nanomita kama 75. Unywele wako ni mnene kuliko hapo mara elfu moja hivi.

Unene huo umepimwa kwa makusudi. Mwanga kidogo hurudi kutoka uso wa juu wa utando, mwingine kutoka uso wa chini, na kwa kuwa huu wa pili umesafiri mbali zaidi kwa kiasi kilichopangwa, mawimbi yao yakikutana yanafutana. Usiorudi huingia ndani na kuzalisha umeme. Vipimo vimelenga hasa mwanga wa manjano na mwekundu. Wa buluu haufutiki vizuri, na ndio unaouona ukisimama uani. Rangi ile unayoipenda au kuichukia ni mwanga uliotoroka.

Za jirani yako ni za fuwele moja. Uso wake umeliwa kwa kemikali hadi ukajaa piramidi ndogo mno, hivyo mwanga ukidunda kwenye moja huangukia nyingine na kupata nafasi ya pili ya kuingia. Kweli, zinatoa umeme mwingi zaidi kwa eneo lile lile. Lakini ya buluu iliyoandikwa wati 300 na nyeusi iliyoandikwa wati 300 zina nguvu moja; ya buluu inachukua tu nafasi kubwa zaidi juu ya paa. Kama nafasi unayo, usibadili chochote.

Hapa Muscat vumbi haliishi. Kijana anayetusafishia paneli anatumia sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria. Pia kuna mtu anauza dawa ya "nano" ya kupuliza juu ya kioo. Tununue?

Kwanza mnyang'anyeni huo waya leo hii. Kioo cha paneli nyingi za sasa nacho kimepakwa: ni silika (madini ya mchanga, ndiyo hutengenezea kioo) yenye vitundu vidogo sana, unene wa nanomita mia na kitu, inayoongeza mwanga unaopita kwa asilimia 2 au 3. Dalili ya jambo hili ilionekana zamani. Mwaka 1886 mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza alipima vioo vilivyochujuka kwa umri akakuta vinapitisha mwanga zaidi kuliko vipya. Waya na sabuni ya unga hukwangua utando huo, na ukishatoka haurudi.

Osheni asubuhi mapema kabla kioo hakijapata moto, kwa brashi laini na maji yasiyo na chumvi wala chokaa, kwa sababu maji magumu yakikauka huacha madoa sugu kuliko vumbi lenyewe. Kuhusu hiyo dawa, muulizeni aliyewauzia paneli, kwa maandishi, kama dhamana itabaki. Mimi nisingenunua. Utando wa kiwandani unafaa kwa sababu unene wake ni uleule kila mahali, na hilo mtu mwenye chupa juu ya paa hawezi kulifanya.

Biti za kutobolea chuma za rangi ya dhahabu zina dhahabu kweli? Mbona nyingine zinakufa siku ya kwanza? (Fundi vyuma, Nairobi)

Hakuna dhahabu. Ni nitridi ya titani, mikromita chache tu, iliyowekwa ndani ya ombwe (nafasi isiyo na hewa) kwa joto la kama nyuzi 450, ambalo halifiki kiwango cha kulegeza chuma cha biti. Ugumu wake unazidi wa chuma hicho mara mbili na zaidi. Lakini rangi hiyo hiyo huigwa juu ya chuma laini. Jaribu makali yake kwa tupa: tupa ikila kirahisi, umeuziwa rangi. Ile halali ukiinoa, utando hutoka nchani ila hubaki kwenye mifereji, na bado unasaidia.

Shikamoo fundi. Nimejenga Tanga, karibu kabisa na bahari, kwa mabati ya geji 28. Miaka minne tu, kutu imeanza kwenye kingo na kuna vidoadoa vyekundu katikati ya paa. Nimeibiwa?

Marahaba, na pole sana. Huenda hujaibiwa, ila hukuambiwa jambo muhimu: geji inataja unene wa bati, haitaji unene wa utando. Huo hupimwa kwa gramu. Bati la alumini na zinki lililoandikwa AZ150 lina gramu 150 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, sawa na mikromita kama 20 kila upande. Yapo yenye nusu ya hapo, kwa geji ileile na mng'ao uleule dukani. Mchanganyiko wenyewe ni alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Alumini inaziba njia. Zinki inakubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe, hata pale palipokwaruzika.

Sasa vile vidoadoa. Navijua kwa sababu niliwahi kuvisababisha. Nilipokuwa kijana nikiwa na haraka, nilikata mabati ya shangazi yangu kule Pangani kwa grinda, nikiwa juu ya paa lenyewe. Cheche zilizotua zilikuwa chuma chenye moto. Ziliunguza utando zikagandia palepale. Mvua ya kwanza tu, paa likawa kama limepata surua. Shangazi hakusema neno, na hilo liliniuma zaidi. Kata kwa mkasi wa bati, ukiwa chini.

Kwa paa lako, sugua vidoa taratibu mpaka kutu iondoke, paka rangi ya zinki hapo na kwenye kingo, kisha kila baada ya kusi suuza kwa maji yasiyo na chumvi sehemu za chini ya mapaa ambako mvua haifiki. Chumvi inayokaa huko bila kuoshwa ndiyo inayomaliza mabati ya pwani.

Baba aliwekewa stenti "yenye dawa" miezi mitatu iliyopita. Anajisikia mzima na amechoka na vidonge. Aache? (Msomaji wa kike, Mwanza)

Asiache hata siku moja bila daktari wake wa moyo kusema. Nakuomba umsomee baba haya.

Stenti ni kimrija cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo ukae wazi. Za mwanzo zilikuwa chuma kitupu. Kwa mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hivi, nyama ya mshipa iliota juu ya chuma na kuziba tena. Mwaka 1999, mjini São Paulo, wagonjwa wa kwanza waliwekewa stenti iliyopakwa polima (aina ya plastiki) yenye sirolimasi, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Dawa hutoka polepole na kuzuia nyama isiote, na kuziba kule kulipungua sana.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo haibagui. Inachelewesha pia ule utando mwembamba wa mwili wenyewe unaotakiwa kukifunika chuma. Kabla haujakifunika, damu inaweza kuganda pale ghafla, na vidonge vya kuzuia damu isigande ndivyo vinavyomlinda. Muda wake anaupanga daktari, mara nyingi ni miezi sita hadi kumi na miwili. Akitakiwa kung'olewa jino, amwambie daktari wa meno kuhusu stenti kabla ya lolote.

Hita yetu ya jua ya mirija ya vioo haichemshi maji kama zamani. (Limuru)

Tazama ncha ya chini ya kila mrija. Pakiwa pa rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia, ombwe lipo. Pakiwa peupe kama maziwa, hewa imeingia. Badilisha mrija huo tu. Weusi wa ndani si rangi ya kawaida: unameza jua karibu lote lakini hautoi joto lake nje ila kidogo sana, njia iliyoonyeshwa na mwanasayansi Harry Tabor huko Israeli mwaka 1955.

Nasikia paneli za perovskaiti zinakuja. Nisubiri? (Bujumbura)

Perovskaiti ni aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme, na paneli zake zinanivutia kuliko kitu kingine chochote katika fani hii. Mwaka 2009 mwanasayansi Tsutomu Miyasaka wa Japani alipata ufanisi wa asilimia 3.8, leo maabara zimevuka 26, na utando huo ukilazwa juu ya silikoni zimevuka 34. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV iliuza shehena ya kwanza. Lakini unyevu na joto bado vinauharibu, na huko kwenu ziwani unyevu upo mwaka mzima. Usisubiri. Kama watoto wanasomea kibatari usiku huu, nunua silikoni.