Sungura wako hahitaji kabichi ya sokoni

Watu wengi wanaacha kufuga sungura wanasema chakula ghali, peleti (chakula cha vidonge cha kiwandani) bei juu, kabichi kila siku hela, na huku nyuma ya nyumba mchunga umejaa mpaka wanaulima na kuutupa. Jamani! Katika majani yote niliyowahi kuwapa sungura wangu hakuna wanalolipenda kama mchunga, wakiuona tu mkononi wanajazana mlangoni. Ni ule wa maua ya njano, ukiukata unatoa maziwa, watu wa Tanga wanaupika mboga kabisa, mchungu kwelikweli ila sungura hana habari na uchungu huo.

Sasa hapo kwenye maziwa tuelewane vizuri. Usije ukaanza kuchuma kila kinachotoa maziwa maana mnyaa nao unatoa maziwa na ule ni sumu. Jifunze mmea mmoja mmoja, muulize bibi au mtu yeyote anayejua mboga za porini akuonyeshe, na kama una wasiwasi na jani liache hapohapo. Sungura hawezi kutapika, akila kibaya kimeshaingia hicho. Mnanaha (ule wa maua meupe marefu na matunda ya miba), mbarika, lantana (kile kichaka cha maua madogo ya rangirangi), majani ya parachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vyote hivyo kaa navyo mbali.

Vya kuchuma bila hofu ukishavijua ni kishona nguo kikiwa bado kichanga hakijatoa zile mbegu za kung'ang'ania nguo, kongwe lile la maua madogo ya bluu, na mchicha pori kidogo kidogo, usiwe ndo mlo wa kila siku. Lakini chakula chenyewe hasa ni nyasi, ukoka huu wa kawaida kabisa. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote na nyasi ndo zinayasaga, tumbo lake pia linaendeshwa na nyuzinyuzi, kwa hiyo nyasi ziwepo muda wote halafu mchunga na wenzake viwe nyongeza. Kama alizoea peleti usimbadilishie ghafla, anza na majani machache uongeze taratibu kama wiki hivi huku unaangalia kinyesi, kikilainika punguza.

Pa kuchuma napo nakuomba sana uangalie. Pembeni ya barabara kubwa hapana, kwenye mtaro wa maji machafu hapana, penye vinyesi vya mbwa hapana, na shamba la mtu muulize kwanza kama kapuliza dawa maana jani lililopulizwa juzi huwezi kulitambua kwa macho. Mi nikileta nyumbani naosha, natandaza kivulini maji yakauke, yaani yasirundikwe kwenye mfuko yakapata joto, yakishaanza kunuka au kuota ukungu ni ya kutupa. Na usiwatupie chini wakayakanyagia kwenye mkojo na kinyesi, funga kitita kining'inie, ugonjwa wa koksidia (vijidudu vya tumboni vinavyoharisha sungura) unapitia humohumo kwenye kinyesi.

Kiangazi ndo kinawatesa wengi kwasababu mchunga unapungua. Masika ikiisha na jua likirudi kata ukoka mwingi kabla haujazeeka, uanike ukiugeuzageuza mpaka ukauke kabisa, uhifadhi kwenye viroba vinavyopitisha hewa, juu ya mbao, visiguse sakafu.