Jibu: Imani kukua ndani ya mateso

Dada, umeuliza imani inakuaje mtu akiteswa, badala ya kunyauka. Anza na Matendo 17, ndipo urudi 2 Wathesalonike 1:3-4. Huko Thesalonike Paulo alihojiana na Wayahudi sabato tatu sinagogini, kisha fujo: nyumba ya Yasoni, mwenyeji wao, ikavamiwa, mwenyewe akakokotwa mbele ya wakuu wa mji, akaachiwa kwa dhamana. Usiku ndugu wa imani wakawatorosha Paulo na mwenzake Sila hadi mji wa Beroya. Na angalia, Paulo anaposhukuru katika barua hiyo kwa Wathesalonike hasemi mateso yamekwisha. Anataja imani inayozidi na upendo wa kila mmoja kwa mwenzake.

Mimi nilipofiwa, sala zilinikauka kabisa (usiogope hilo). Mama mmoja wa jumuiya alikuja kunichotea maji siku nne, bila kunihubiria hata mstari mmoja. Siku ya tano nikaweza kusali, nikaanza kwa kumwombea yeye.