Wifi yangu ananipita kila mwaka, na sasa nakosa usingizi

SWALI

Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Njiro, Arusha. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ana miaka 31 na anakaa Moshi. Tulianza kukimbia mwaka mmoja, na kila mwaka tunakutana kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro. Mara ya mwisho alitumia saa 2 na dakika 6, mimi saa 2 na dakika 14. Ni utani tu, lakini utani wenyewe umeanza kuniingia. Akikimbia anatuma picha ya Strava, ile programu ya simu ya kurekodi mbio, kwenye grupu la familia la WhatsApp, na mimi jioni hiyohiyo natoka kwenda kuipita. Krismasi tukiwa nyumbani Uru aliniuliza mbele ya wakwe, "Wifi, mwakani nikimaliza nikuwekee chai au nisubiri kabisa chakula cha mchana?" Nilicheka pamoja na wenzangu, usiku usingizi haukuja. Sasa nakimbia siku tano kwa wiki, kila kilomita kwa dakika 6 ili niizoee kasi yake, na bado siongezeki. Ugoko wa kushoto nao umeanza kuuma. Je, tofauti ya umri na ya mji haihesabiwi? Ninunue raba zenye bamba la kaboni ndani ya soli kama zake? Na nifanyeje nisije nikamchukia, maana kusema kweli nampenda?

JIBU

Marahaba, dada. Nianze na ugoko, mengine yanaweza kusubiri.

Kaa chini, pitisha kidole gumba kwenye mfupa kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, ukibonyeza taratibu. Kama maumivu yametapakaa eneo refu kwenye ukingo wa ndani wa mguu, na yanapungua ukishapasha mwili, huenda ni uchovu wa nyama na tando zinazoshika mfupa. Punguza kilomita kwa nusu kwa wiki mbili, achana na lami unapoweza, na mara nyingi yanaondoka. Lakini kama ni sehemu moja tu, ya ukubwa wa sarafu, na ukiruka kwa mguu huo mmoja panachoma, au panauma hata umelala, acha kukimbia leo na umwone daktari. Mwambie wazi kwamba wewe ni mkimbiaji. Ufa mdogo wa mfupa unaotokana na mbio mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo, kwa hiyo ukiambiwa picha haina tatizo na bado palepale panauma, usirudi barabarani.

Sasa hesabu. Saa 2 na dakika 14 kwa kilomita 21.1 ni dakika 6 na sekunde 21 kwa kila kilomita. Hiyo ndiyo kasi yako ya siku ya mashindano, umevaa namba, watu wanashangilia, umepumzika wiki nzima. Halafu unaniambia Jumanne jioni, umetoka kazini, unakimbia kilomita kwa dakika 6. Yaani mazoezini una kasi kuliko mashindanoni! Wifi yako anakushinda mara moja kwa mwaka pale Moshi. Mara nyingine zote, na ni zaidi ya mia mbili, unashindwa na picha ya simu, na mwenyewe pengine ameshalala.

Ndiyo maana huongezeki. Mwili hauongezi uwezo wakati unakimbia, unauongeza ukipumzika. Mbio za taratibu ndizo zinazoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufanya moyo usukume damu nyingi kwa kila pigo. Hiyo kazi haihitaji uhemee juujuu. Ukikimbia kwa nguvu ya wastani kila siku unakosa pande zote mbili: siku nyepesi si nyepesi kiasi cha kukupumzisha, na siku ngumu ikifika miguu haina kitu cha kutoa.

Ugoko ukipona, rudi kwa siku nne badala ya tano. Mbili ziwe nyepesi kabisa, kilomita kwa dakika 7 na robo hadi 7 na robo tatu, na kwenye miinuko ya Njiro hata 8 ni sawa. Saa yako ikikuchanganya, tumia mdomo: uwe na uwezo wa kumsimulia mwenzako habari za sokoni kwa sentensi nzima bila kukata pumzi. Siku ya tatu ni mbio ndefu kwa mwendo huohuo, anzia kilomita 12 na uongeze moja au mbili kwa wiki hadi 18. Siku ya nne ndiyo ya kazi: kilomita moja mara tano, kila moja kwa dakika 5 na sekunde 50 hivi, katikati ukitembea dakika mbili au tatu. Hapo ndipo kasi ya wifi inapotafutwa, si kila jioni.

Umri. Hapa hutapenda jibu langu. Riadha ina majedwali ya kulinganisha muda wa watu wa umri tofauti, na wanariadha wakongwe huhesabiwa kuanzia miaka 35, kwa hiyo wewe umo. Lakini kati ya 31 na 38 punguzo ni dogo, halifiki hata nusu ya zile dakika nane. Likizidi sana litakupa cha kusema kwenye grupu.

Mji ni habari nyingine, na inakata pande zote mbili. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini ya 1,000. Njiro unahema zaidi kwa kasi ileile, kwa hiyo kulinganisha kilomita yako ya Arusha na yake ya Moshi kwenye simu hakuna maana tangu mwanzo. Ukishuka Moshi pumzi inakuwa nafuu kidogo. Kinachokungoja kule ni joto. Mashindano huwa mwishoni mwa Februari au hapo karibu, kabla ya masika, na wifi yako anaishi ndani ya joto hilo wakati wewe unatoka kwenye ubaridi wa Meru. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 ukifanyishwa kazi ndani yake. Wiki mbili za mwisho, hamishia baadhi ya mbio zako nyepesi kwenye saa nane mchana. Usifanye hivyo na ile siku ya kazi.

Kuna kitu kimoja hukukigusa na nadhani ndicho kinachokula dakika zako nyingi. Nusu marathoni ile inatoka Uwanja wa Ushirika, inapanda barabara ya Mweka, halafu inageuka na kuteremka. Watu wengi hufanya mazoezi ya kupanda na kudhani kuteremka ni zawadi. Kumbe kwenye mteremko paja linafanya kazi ya breki: msuli unakaza huku unavutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayouchana msuli kuliko zote. Ndiyo sababu kilomita za mwisho mapaja yanakuwa mbao. Dawa yake inashangaza kwa urahisi. Wiki tatu kabla ya mashindano tafuta mteremko wa wastani, ukimbie kushuka mara sita hivi, kama nusu kilomita kila mara, hatua fupi na za harakaharaka, urudi juu kwa kutembea. Kesho yake utashuka ngazi kwa kushika ukuta. Lakini msuli ulioumia mara moja namna hiyo hustahimili vizuri zaidi mara ya pili, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. (Wifi naye akisoma hapa, basi ngoma droo.)

Siku yenyewe, usiangalie saa wakati wa kupanda, sikiliza pumzi. Kilomita ya mlimani ikichukua dakika 6 na 50 hujapoteza kitu, utaikomboa kwenye kuteremka. Na mwache atangulie. Wapo wanaoweza kuongoza mwanzo mpaka mwisho. Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio nzima ya mita 1,500 pale Christchurch tarehe 2 Februari 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand aliyekuwa akimfukuza alimaliza kwa 3:32.5, naye akawa ndani ya rekodi ya zamani. Huyo ndiye mpinzani wa kuombea: amekushinda na bado amekufanya uwe bora kuliko ulivyowahi kuwa. Njia nyingine ni ya Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu. Tokyo, Septemba 2025, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake zikiwa zimebaki hatua chache tu. Wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyompa Simbu ubingwa wa dunia wa marathoni. Kwa mtu anayelala akiwaza mgongo wa wifi yake, mimi ningechagua kukaa nyuma ya mgongo huo mpaka tumegeuka Mweka.

Sasa hilo la moyoni. Sikushauri uache kushindana. Mwaka 2014 mtafiti Gavin Kilduff wa Chuo Kikuu cha New York alichapisha uchambuzi wa mbio za wakimbiaji wa kawaida, akakuta kwamba mtu akiwa na mpinzani wake ndani ya mbio hukimbia kasi zaidi kwa takriban sekunde 5 kwa kilomita. Kwa kilomita 21 hiyo ni dakika 1 na sekunde 45. Si haba, na ni bure. Lakini tazama: yeye naye anaipata kwako, na hata ungeipata peke yako, zinabaki dakika sita ambazo hasira haiwezi kuzileta.

Kwa hiyo upe ushindani tarehe zake. Siku ya mashindano Moshi, na siku moja ya Krismasi. Basi. Kwingine kote zima sauti ya grupu, na kwenye Strava unaweza kuficha mbio za mtu zisikutokee bila kuvunja urafiki. Na wewe pia usitume. Ukituma moja tu, umefungua duka.

Ule utani wa mezani ni kitu kingine, usiuchanganye na mbio. Ulichoumia si kushindwa, ni kuchekwa mbele ya mama mkwe. Mwite wifi pembeni, ninyi wawili, umwambie hivyohivyo: wifi, utani wa barabarani naupenda, wa mbele ya wazee unaniuma. Mtu anayekutania kwa mapenzi hili hulielewa mara moja. Ila usimtume mume wako. Yeye ni kaka yake na ni mume wako, na ujumbe ukipita kwake utafika kama mzaha au kama kesi, hautafika ulivyo.

Kazi ya mume naijua: ashike saa. Krismasi ijayo pale Uru mkimbie kilomita 5 kwa kuanza kwa kupishana. Tofauti yenu ni sekunde 23 kwa kilomita, kwa kilomita 5 ni dakika 1 na sekunde 55. Wewe uondoke kwanza, yeye aachiliwe baada ya muda huo. Atakayefika nyumbani kwanza ndiye aliyeongezeka zaidi tangu mlipokutana mara ya mwisho, na hapo umri na mji vyote vimeshahesabiwa. Kila mwaka mnapiga hesabu upya. Hata babu akitaka kuingia anapewa muda wake, na nimeshaona wazee wakiwatoa jasho vijana kwa utaratibu huu. Wasichana wa ukoo nao waingie. Ila kimbieni asubuhi, kabla ndafu haijaiva na mbege haijatoka.

Raba za kaboni, usinunue bado. Zimetengenezwa kwa kuwafikiria wenye kasi kubwa sana. Kwa mwendo wa dakika 6 faida ni ndogo na inatofautiana mtu na mtu, na kwa ugoko unaouma sipendi ubadilishe kitu chochote miguuni kwa ghafla. Raba ya kawaida inatosha. Ukienda mtumbani, iwe Krokoni hapo Arusha au Memorial kule Moshi, usidanganywe na juu kung'aa, maana wauzaji wanajua kusafisha. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi, bado ina uhai. Iangalie ubavuni, ikiwa na mikunjo mingi ya kulala imekwisha hata kama kamba ni mpya. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, kisigino kisiegemee upande. Ukiipata nzuri, anza kukimbia nayo angalau wiki tatu kabla ya siku ya mashindano.