Wagiriki, Warumi na Sisi: Majibu kwa Wasomaji

Demokrasia ilizaliwa Athens. Je, tuna la kujifunza huko leo, au ni historia ya kujibia mitihani tu?

Lipo la kujifunza, ila si lile linalotajwa kwenye hotuba. Wanasiasa huisifu Athens kwa sababu ya kura, ilhali Waathene wenyewe waliwapata wajumbe 500 wa Baraza lao na maofisa wao wengi kwa bahati nasibu, wakiamini kwamba uchaguzi huwabeba wenye majina na mali. Waliopigiwa kura walikuwa hasa majemadari. Mimi ninalolithamini zaidi ni hesabu ya mwisho wa mwaka. Kila ofisa aliyemaliza muda wake alifika mbele ya wakaguzi na taarifa ya fedha alizopokea na kutumia, na raia yeyote aliruhusiwa kumshtaki. Kabla hajasafishwa, hakuweza kutoka nchini wala kumgawia mtu mali yake, hata kuiweka wakfu kwa miungu. Kwetu ripoti ya mkaguzi hujadiliwa juma moja, kisha mhusika huhamishiwa ofisi nyingine. Wala asiniandikie mtu kwamba ninaisifu nchi ya usawa: wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti, na mahakama ya raia wa kawaida, si mfalme dhalimu, ndiyo iliyomhukumu mwanafalsafa Socrates kifo mwaka 399 KK.

Maneno ya Socrates kuhusu vijana kupenda anasa na kukosa adabu yamo katika kitabu chake kipi?

Hayamo katika chochote, kwa kuwa Socrates hakuandika kitabu, na nimekwisha kulijibu swali hili hadi nimechoka. Maneno hayo ni ya Kenneth John Freeman wa Cambridge, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1907, alipofupisha kwa lugha yake malalamiko ya watu wa kale. Wengine wakayavisha jina la Socrates, nanyi mnayasambaza kila asubuhi bila kuuliza yameandikwa wapi.

Ni kweli kwamba mbio za marathoni zilikimbiwa katika Olimpiki ya kale?

Si kweli. Zilibuniwa kwa ajili ya michezo ya Athens ya mwaka 1896, na urefu wa kilomita 42.195 umetokana na Olimpiki ya London ya mwaka 1908.

Wagiriki na Warumi walituhusu nini sisi watu wa pwani?

Biashara. Katika karne ya 1 BK, Mgiriki mmoja aliyeishi Misri chini ya utawala wa Roma aliandika mwongozo wa bandari uitwao Periplus, na ndani yake akaieleza pwani ya Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, hadi soko lake la mwisho, Rhapta. Zililetwa mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Zikachukuliwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Anawataja manahodha Waarabu waliooa kwa wenyeji na kuijua lugha yao, na anasema wazi kwamba mvinyo na ngano nyingi zilizoshushwa katika baadhi ya bandari hazikuwa za kuuzwa, bali za kuwalainisha wenyeji. Takrima, basi, haikuanza jana. Lugha yenyewe hakuitaja, kwa hiyo msiniletee hoja kwamba ilikuwa Kiswahili. Rhapta nayo haijathibitishwa ilipo. Anayekwambia ameipata, na ana sarafu za Kirumi za kukuuzia, funga mkoba wako.

Binti yangu anataka kusomea sheria. Ajifunze Kilatini?

Kwa Dar es Salaam au Nairobi, hapana. Misemo michache ya mahakamani ataikariri kwa wiki moja. Akienda Bujumbura au Kinshasa, atakuta sheria ya mikataba iliyotoka Roma ikapitia Ufaransa na Ubelgiji, na hapo itamfaa kuisoma sheria ya Kirumi yenyewe, hata kwa tafsiri ya Kifaransa.