Toto Jeupe la Mbwa na Sikio Lisilosikia: Kwa Wanaoanza Kazi ya Mifugo

Ninyi mnaoanza kazi hapa Mtwara mtaitwa mara kwa mara kukagua watoto wa mbwa wanaoandaliwa kulinda maghala na mashamba ya korosho, na nawaomba mumchunguze kila mweupe kwa makini zaidi kuliko nilivyofanya mimi pale Mikindani, nilipopiga makofi mara moja, nikaona mtoto amegeuka, nikamwambia mwenye mbwa kwamba ni mzima. Miezi michache baadaye nilimkuta uani: akiitwa kutoka kushoto, alisimama, akazungusha kichwa, kisha akakimbilia kulia. Alikuwa kiziwi wa sikio moja.

Weupe wa manyoya si ugonjwa. Seli za rangi, yaani melanosaiti, husambaa mimbani hadi kwenye ngozi, macho na ndani ya sikio, ambako husaidia kudumisha potasiamu katika umajimaji wa koklea, sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti. Zikikosekana humo, utando unaotegemea seli hizo huharibika mtoto anapofikisha wiki 3 hadi 4, kisha seli za kusikia hufa wala hazioti tena. Ndiyo maana mbwa albino, ambaye seli anazo ila hazitengenezi rangi, kwa kawaida husikia. Kwa Dalmatian wa Marekani, mbwa weupe wenye madoa, upimaji ulionyesha takriban asilimia 22 ni viziwi wa sikio moja na asilimia 8 wa masikio yote mawili; wenye macho ya buluu huathirika zaidi.

Kipimo cha kuaminika ni kile cha umeme kinachosoma mwitikio wa neva za kila sikio, kuanzia wiki ya 6 hivi. Pasipo mashine hiyo, mpimeni mtoto akiwa amelala peke yake, kwa maana nduguze wakishtuka naye huamka. Simameni nyuma yake, juu ya mchanga badala ya sakafu ya mbao inayotikisika, na mtikise funguo bila kumpelekea upepo. Hata hivyo, njia hii humfichua kiziwi kamili tu.

Mwenye sikio moja bovu asizalishwe, maana watoto wake wanaweza kurithi uziwi. Vilevile msipandishe mbwa wawili wenye jeni ya mele, ile inayotoa mabaka ya kijivu, kwa kuwa kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupokea nakala mbili, na hao ndio huzaliwa weupe sana, mara nyingi wakiwa viziwi au wenye macho mabovu.

Siku hizi kwenye kadi ya mtoto mweupe huandika "hajapimwa kila sikio", wala siandiki "anasikia".